Nyuki Masikioni mwa Mwenze

Kasulo, Kolwezi

Mdogo wangu mpendwa Simone,

Pokea salamu za yaya wako, kaka yako mkubwa, ambaye bado yupo. Habari za Mutshatsha? Goti lako lingali linakusumbua, au limetulia tangu mvua zilipokatika? Na biashara ya makala inaendaje, sasa ambapo treni inapita siku inayotaka yenyewe? Naamini wanao hawajambo, Mwenze na baiskeli zake, na Agnès vilevile. Huku tu wazima kwa kadiri yetu. Binti yangu Abigaëlle ananipikia uji, ananigeuza kitandani, wala hanung'uniki. Mimi mwenyewe nimekwisha. Sisemi hivyo ili kukutisha. Nilikuwa mwuguzi maisha yangu yote, naujua mwili unaoaga.

Simone, nakuandikia kwa woga. Kuna jambo nimelificha tangu mwaka ule walipofukuzwa watu wa Kasaï, nami sitaki kwenda nalo kaburini. Masikio ya Mwenze hayakufungwa na mafuta ya jirani yetu Mama Ngeleka. Yalifungwa na sindano, na mkono ulioshika sindano hiyo ni huu unaokuandikia.

Najua hii siyo barua uliyoitarajia. Uliniagiza kwa simu ya Abigaëlle, ukapaza sauti hata majirani wakasikia: "Yaya, uandike wewe, wewe njo mujomba, wewe njo mwenye masomo. Batu ba Kazadi baambiwe wazi: mutoto wangu hataingia mu nyumba ya ule mulozi aliyemufunga kaka yake masikio." Nami najua kwamba kwetu, bila neno la mjomba, hakuna anayegusa pombe ya posa. Kazadi, anayemposa Agnès, na wazee wake wanangoja neno langu, na Agnès anangoja kuliko wao. Nilichukua kalamu niandike ulivyotaka. Mkono ukakataa.

Nivumilie nikikukumbusha mambo mengine unayoyajua. Nataka Agnès naye akiisoma barua hii aelewe yote.

Nianze na masikio yangu. Homa ya figo ilinishika baada ya Pasaka, vidonge vikashindwa, na Abigaëlle akanipeleka kwa Daktari Yasmine, binti wa wale wafanyabiashara Waislamu waliotoka Kasongo. Ni msichana mpole, lakini hana mzaha kazini. Alijaribu dawa mbili, homa ikazidi kupanda. Ndipo akaniambia kwamba imebaki sindano ya jentamisini. Tuliangaliana. Alijua kwamba naijua. Akanipima kwenye mizani kama gunia la mahindi, akahesabu dozi mara mbili, akanisihi nimwambie mara moja nikisikia chochote masikioni.

Siku chache baadaye niliamka nikasikia nyuki. Nilitazama dari nikitafuta mzinga. Nikamuuliza Abigaëlle ni nani amefuga nyuki mtaani, akanishika paji la uso akidhani naweweseka. Hapo, Simone, niliyakumbuka maneno ya mtoto aliyelala kwenye mkeka wako: "Mujomba, banyuki beko banalia mu masikio yangu."

Daktari Yasmine alikata sindano siku ileile. Nyuki hawakukatika. Waliendelea kulia, kisha walipoanza kuondoka waliondoka na sauti zote. Kila asubuhi nagonga kikombe kwa kijiko ili nijue kilichobaki. Juzi kililia kwa mbali, kama kengele ya misheni ng'ambo ya bonde. Leo nimekigonga mpaka Abigaëlle akaja mbio, akaninyang'anya kijiko. Sikusikia kitu. Unajua hapa Kasulo watu wanachimba chini ya nyumba zao wenyewe wakitafuta madini. Zamani nilisikia sururu za jirani zikigonga chini yangu, nikakasirika. Sasa nazihisi kwa miguu ya kitanda tu, du, du, du, nami naogopa kama mtoto. Naona kama kuna anayenichimbia mahali pangu.

Dawa hizi ni ukoo mmoja, Simone. Mkubwa wao ni streptomisini, iliyotibu kifua kikuu tangu tulipokuwa wadogo. Wakafuata kanamisini, jentamisini na amikasini. Yuko pia neomisini, mkali mno kwa sindano, ambaye siku hizi hupakwa au humezwa tu. Sizitukani. Zimewatoa watu wengi mikononi mwa mauti, nimeziona kwa macho yangu zikifanya hivyo. Lakini zinapomaliza kuua vijidudu, hupenda kukaa mahali pawili: katika figo, na ndani kabisa ya sikio. Figo mara nyingi hupona. Sikio la ndani likifa halioti tena. Wengine hupoteza hata usawa wa mwili, wakatembea kama walevi. Nilifundishwa hayo shuleni nikafaulu mtihani wake.

Sasa turudi mwaka wa tisini na tatu.

Tulikuwa tunaishi ua mmoja, wewe na mimi, maana mumeo alikuwa ameachishwa kazi mgodini akavuka kwenda Zambia kutafuta riziki. Ng'ambo ya ua wa matete alikaa Mama Ngeleka, mjane. Mtaa mzima ulimwita Mama Kisenge, kwa sababu alikuja kutoka Kisenge na marehemu mumewe, Mlunda, aliyekuwa fundi kwenye mgodi wa manganizi. Alisema Kilunda vizuri kuliko Walunda. Jina lake la Ngeleka, na kwamba alizaliwa Mwene-Ditu huko Kasaï, tuliyajua sisi wa ua ule tu, kwa kuwa alituamini. Kumbuka alivyompenda Mwenze. Alimwita "bwana yangu mudogo," na Mwenze akamwahidi kulipa mahari kwa manati yake. "Manati tu?" Mama Ngeleka akauliza. "Na mama mukwe wangu je, ataniletea kuku?" Wewe ukamjibu kwamba mke mzee hivyo haletewi kuku, analetewa mkongojo. Tulicheka sana ua ule, Simone, wakati nje watu walikuwa wanalia.

Hospitali ya kampuni ya mgodi, nilikofanya kazi, ilikuwa imeporwa: vitanda, mizani, hata vitasa vya milango. Daktari wetu na mfamasia, wote watu wa Kasaï, walikuwa wanalala kituo cha treni chini ya maturubai pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwao, huko ambako wengi wao hawakuwahi hata kufika. Vijana walizunguka mitaani na fimbo wakiimba, "Bilulu baende kwabo!" Wadudu warudi kwao. Mimi nilipita kando ya ukuta kila siku kwenda kazini. Nilikuwa nimefanya kazi na Wakasaï, nimekula nao, na niliogopa mtu asije akalikumbuka hilo.

Ndipo Mwenze akaota jipu pajani. Sumu ikaingia kwenye damu, macho yakageuka, midomo ikakauka. Ulikwisha kuzika wawili kabla yake. Ulinitazama, na mtazamo ule ulinitisha kuliko fimbo za vijana. Hospitalini hapakuwa na penisilini hata ya kulilia. Nilichokuwa nacho ni katoni ya jentamisini niliyoificha chini ya kitanda changu tangu siku ya uporaji, vichupa vya nguvu ya mtu mzima. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Mizani imeibwa. Nilimwinua Mwenze mikononi, nikakisia, kama mtu anayenunua kuku sokoni.

Homa ilishuka. Akaomba uji. Ulipiga magoti uwanjani ukamshukuru Mungu, kisha ukanishukuru mimi, nami nikazipokea shukrani zote mbili. Hapo ilinipasa kuacha. Mtoto akaniambia habari za nyuki, na bado sikuacha. Nilijua nyuki wale ni nini, Simone. Lakini nilikuwa nimeona homa za namna ile zikirudi na kumaliza kazi. Niliogopa kaburi kuliko nyuki, nikaendelea kumdunga, nikakuambia kwamba ni uchovu wa ugonjwa.

Nilipokuwa kazini ulimwita Mama Ngeleka aje amtazame. Alipasha mawese kwenye kijiko, akajaribu tone kwenye kiganja chake lisije likamwunguza, akatia tone sikio hili na tone sikio lile, kama bibi zetu wote walivyofanya. Akamwimbia kwa Kiluba cha kwao. Siku si nyingi baadaye ulimwita Mwenze jina lake, hakugeuka. Ulichukua kifuniko cha sufuria ukakigonga nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Uliniuliza: "Yaya, ni ile mafuta?" Nami, mwenye masomo, nilikujibu neno moja: "Labda."

Asubuhi yake Mama Ngeleka alinikuta kwenye ua wa matete kabla sijaenda kazini. Alikuwa ameshika jani la mgomba, na ndani ya jani vile vichupa vyangu vitupu, vyote, alivyovichukua kwenye shimo la taka ili watoto wasije wakavikanyaga. Akasema, "E docta, dawa yote hii aliikunywa bwana yangu mudogo? Njo maana alipona vile!" Alikuwa ananisifu. Leo naliona hilo wazi kama mchana. Lakini siku ile nilimwona mwanamke aliyekusanya dhambi yangu katika jani moja, ambaye kesho angekuonyesha wewe jani hilo ng'ambo ya ua. Nilimpokonya jani lile, nikatoka bila kumuaga.

Kilichofuata unakikumbuka, maana kimekutesa. Mchana huo uchungu ulikuzidi, ukatoka barabarani umemshika Mwenze mkono, ukapiga kelele: "Ngeleka wa Kasaï ameniulia mutoto masikio!" Haukupita muda vijana wakaja. Walitoa godoro, wakatoa sufuria. Mmoja akavaa kilemba chake akacheza ngoma, wenzake wakacheka. Mama Ngeleka akatoka na bintiye na kifurushi kimoja. Mbele ya lango letu alisimama, nao wakamsukuma, akasimama tena. Akakuambia, "Simone, umufunike mutoto masikio, baridi isiingie." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kila neno. Wakati ule masikio yangu yalikuwa mazima.

Kazadi alikuja kunisalimu kabla sijalala kitanda hiki moja kwa moja. Ni mtoto wa yule binti wa Mama Ngeleka, amezaliwa huko Kasaï, sasa ni fundi wa malori hapa Kolwezi. Alikaa pembeni ya kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa. Aliniambia kwamba anajua Mama Simone hamtaki, na hamlaumu, lakini angependa kujua bibi yake alifanya nini hasa. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumweleza. Alichosimuliwa na mama yake ni kwamba bibi hakufika Mwene-Ditu. Alikufa ndani ya behewa, wakamzika kando ya reli mahali treni iliposimama, wala leo hakuna anayepajua. Na kwamba mpaka mwisho aliuliza kama masikio ya bwana wake mdogo yamepona.

Nilijifanya nimesinzia, mzee mzima, mpaka akaondoka kwa kunyata.

Sasa sikiliza jambo lenye haraka. Daktari Yasmine alishangaa masikio yangu kufa upesi hivi, kwa sindano chache zilizopimwa sawasawa. Akaniandikia swali kwenye karatasi, maana simsikii tena: upande wa mama yangu, yuko mwingine aliyekuwa kiziwi baada ya sindano? Nilimkumbuka mjomba wetu Kalumba, kaka yake mama, aliyelazwa kwa kifua kikuu akarudi hasikii. Watu wote walisema ni baruti za mgodini. Baruti gani, Simone? Alichomwa streptomisini. Kisha Mwenze. Kisha mimi. Daktari akaniandikia kwamba wako watu ambao damu yao haizivumilii dawa hizi hata kidogo, na udhaifu huo hupitia kwa mama peke yake. Mama humpa kila mtoto wake, ila mwanaume hawapi wanawe. Kwa hiyo Abigaëlle wangu huenda yu salama. Wewe unao bila shaka. Agnès anao, na watoto atakaowazaa watakuwa nao. Nakusihi kwa machozi: yeyote atakayetaka kuwachoma sindano, Agnès aseme kwanza kwamba ukoo wa mama yake hauvumilii jentamisini wala dawa ndugu zake zote nilizozitaja hapo juu. Ayajue majina hayo kama anavyojua sala. Kama pana dawa nyingine, wapewe nyingine.

Daktari aliposoma habari za Mwenze alinishika mkono akaandika tena: hata ungempima vizuri, huenda angekuwa kiziwi vilevile, na bila sindano angekufa. Alitaka nipate faraja. Nami nilikaa na karatasi ile siku nzima, nikaona mlango wa kutokea. Ningeweza kukuandikia kwamba ni damu ya mama yetu iliyofanya, wala si Mama Ngeleka, wala si mimi. Wewe ungenisamehe, Agnès angeolewa, nami ningekufa naitwa mtu mwema. Lakini naogopa, Simone. Nalala katika ukimya huu ambamo hakuna redio, hakuna jogoo, hakuna sauti ya mwanangu, na ndani yake nasikia sauti yangu tu, ya siku ile, waziwazi.

Neno langu kama mjomba ni hili: Agnès aolewe na Kazadi. Pombe ya posa ipokewe, na atakayeipokea awe Mwenze mwenyewe. Umweleze yote kwa mikono yako kama mnavyosemezana. Akitaka kuja kunitazama usoni, aje upesi. Asipotaka, ana haki.

Wasalimie wote wa Mutshatsha, wa kanisani na wa sokoni. Abigaëlle anakusalimu sana, anasema usisahau ule unga wa muhogo ulioahidi. Mungu akulinde na goti lako, awape watoto wako kizazi chenye masikio. Uniombee.

Limebaki moja. Mwaka ule tulipomzika mumeo uliniambia kwamba huwa unajiuliza kama ni kelele zako zilizomponza Mama Ngeleka, kwa kuwa ndiwe uliyelitamka jina lake la Kasaï barabarani. Nilikuambia usijitese, nikanyamaza hapo. Simone, asubuhi ile nilipotoka uani na jani la mgomba mkononi, niliwakuta vijana kwenye kona. Hawakunishika wala hawakunitisha. Mmoja alikuwa ameumia kidole cha mguu, akaniambia, "Tata munganga, tusaidie, vita ni ya miguu hii." Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nilichuchumaa nikamfunga bendeji vizuri. Wakanishukuru, wakaanza kwenda zao, barabara nyingine kabisa. Nikawaita warudi. Nikawauliza kama wamewahi kumuuliza yule Mama Kisenge alizaliwa wapi, na jina lake hasa ni nani. Ulipokuja kupiga kelele mchana, walikuwa wanajua tayari, walikuwa njiani. Aliyewaonyesha mlango wake ni mimi,

yaya wako,
Barnabé Nkulu